Betri mbili za ampea-saa 200 zimechoka ndani ya miezi 14: niongeze ya tatu au nihamie lithiamu?

Mwenye Duka, Kalya

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina duka dogo hapa Kalya, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya milima ya Mahale, na nguzo za umeme hazijafika nilipo. Mwezi wa sita mwaka jana nilifunga mfumo wa sola wenye paneli mbili za wati 200 kila moja, kontrola ya kawaida ya ampea 30 (inayosimamia chaji kutoka kwenye paneli), inveta ya wati 1,000 (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi) na betri kavu mbili za risasi za volti 12, ampea-saa 200 kila moja (ndicho kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), zilizounganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Betri ndizo zilizomeza fedha kuliko vitu vingine vyote, na kuzishusha kutoka kwenye boti bila kuzilowanisha kulihitaji vijana wanne.

Mwanzoni nilikuwa na taa sita za wati 7, televisheni ya inchi 32 ambayo vijana huja kutazamia mpira, na meza ya kuchajia simu, ambapo kwa siku ya kawaida hupokea simu 25 hivi. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwezi wa kumi na mbili, nilipoongeza friji ndogo ya soda. Wiki hiyohiyo inveta ikaanza kulia alfajiri. Nikawa naizima friji jioni, lakini baada ya muda inveta ikawa inalia saa tano usiku, halafu saa tatu. Nilidhani kiangazi kikirudi betri zitapona. Kiangazi kimerudi, anga ni jeupe, na hivi sasa taa peke yake hazifiki saa mbili usiku.

Muuzaji aliyeniuzia ananishauri niongeze betri ya tatu. Jirani yangu anasema betri za risasi zimepitwa na wakati na kwamba ningenunua lithiamu tangu mwanzo nisingeteseka. Ninachoomba kufahamu ni hiki: betri zangu zimeuawa na nini, zinaweza kuokolewa, na je, nikinunua lithiamu tatizo litakwisha? Sitaki kutupa fedha mara ya pili.

Fundi wa Kasulu

Ndugu mwenye duka, pole sana. Kabla ya kugusa habari ya betri ya tatu au ya lithiamu, naomba tufanye hesabu ambayo muuzaji wako alipaswa kuifanya pamoja nawe siku ya kwanza. Betri haizalishi umeme hata kidogo. Ni ghala, na ghala halijai kwa kuongezewa ukubwa ilhali shamba ni lilelile.

Tuanze na mavuno. Paneli zako ni wati 400 kwa maandishi yaliyo nyuma yake. Kiangazi cha kwetu tunaweza kuhesabu saa tano za jua kamili kwa siku, na ukiondoa kinachopotea kwa joto la paneli, vumbi, waya na aina ya kontrola uliyo nayo, unabaki na asilimia 70 hivi, yaani wati-saa 1,400 (wati moja kwa saa moja ni wati-saa moja). Katika siku za mawingu mazito za masika saa hizo hushuka hadi tatu, na mavuno yanakuwa wati-saa 840.

Sasa matumizi. Taa sita kwa saa tano ni wati-saa 210. Televisheni ya inchi hizo huvuta wati 50 hivi, kwa saa tano ni 250. Simu 25, kila moja ikihesabiwa wati-saa 15 pamoja na upotevu, ni 375. Halafu yupo mlaji ambaye hukumtaja kwa sababu hana sauti: inveta yenyewe, ambayo ikiwa imewashwa bila kufanya kazi yoyote inaweza kula wati 15, na kwa saa 24 zinafika wati-saa 360. Jumla ni 1,195. Ukikumbuka kwamba betri ya risasi hukurudishia asilimia 85 hivi tu ya umeme uliouingiza, utaona kwamba kiangazi cha mwaka jana ulikuwa unaishi kwa kipato kilichotosha kwa kubanana, bila akiba. Ndipo ukaleta friji, tena mvua zikiwa zimeanza. Friji ndogo ambayo kompresa yake huvuta wati 90 na kufanya kazi nusu ya muda hula wati-saa 1,080 kwa siku. Ulikuwa unatoa 2,275 na kuingiza 840. Hata ulipoizima usiku, bado ulikuwa unatoa karibu mara mbili ya unachoingiza.

Hapo ndipo kifo kilipoingilia, na napenda kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo kwa kuwa watu wengi hudhani betri hufa kwa kutumika sana. Betri ya risasi inapotoa umeme, pleti zake hufunikwa na chembe laini za salfeti ya risasi. Ikichajiwa upesi hadi ijae, chembe hizo huyeyuka na kurudi kuwa risasi na asidi. Ikiachwa nusu tupu kwa wiki na miezi, chembe hukua, hugandamana na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiziondoi tena. Sehemu ya pleti iliyofunikwa inakuwa kama shamba lililomwagiwa saruji. Betri zako hazikufa kwa kazi; zimekufa kwa kutoshiba.

Kuna kasoro ya pili ambayo ingekupata hata bila friji. Betri ya risasi inahitaji chaji isiyopungua takribani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Wewe una ampea-saa 400, kwa hiyo zilihitajika ampea 40. Paneli zako mbili, hata saa sita mchana, zinatoa ampea 22 hivi, na hizo zinagawanywa kwa betri mbili huku televisheni na simu zikichota humohumo. Betri ya tatu ingekufikisha kwenye ampea-saa 600 kwa ampea zilezile 22. Sisemi kwamba muuzaji alikudanganya kwa makusudi, ila ushauri huo ungeua betri tatu badala ya mbili.

Naomba ufanye vipimo vifuatavyo kisha utuletee majibu. Tenganisha betri zote mbili, ziache bila kuchajiwa wala kutumiwa kuanzia jioni hadi asubuhi, kisha pima kila moja kwa mita. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.7 au zaidi kidogo, iliyobakiza nusu husoma 12.2, na ikiwa chini ya 11.9 imekwisha. Angalia pia kama volti zake wakati wa kuchaji huwahi kufika 14.4 saa nane au saa tisa mchana. Mwisho, tuambie betri zimekaa wapi, kwa sababu wengi huziweka juu karibu na bati, na kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu hivi.

Kijana wa Kibirizi

Naunga mkono hesabu ya fundi, lakini naomba niitetee lithiamu, kwa sababu sisi wa ziwani tumeipima kwa kazi ngumu kuliko ya dukani. Wavuvi wa dagaa tulipoacha karabai na kuhamia taa za betri, wengi tulianza na betri za gari kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwa urahisi. Betri ya gari ina pleti nyembamba zilizotengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitaka iwashe taa usiku kucha hadi iishe kabisa, haifikishi miezi mingi. Tukahamia betri kavu za sola, nazo zikadumu zaidi, lakini tukakuta jambo moja: mwezi ukiwa mpevu hatuendi ziwani, na betri zilizorudi tupu usiku wa mwisho zinakaa pembeni wiki nzima bila mtu kukumbuka kuzichaji. Ni palepale fundi alipoeleza. Zinaganda.

Lithiamu haina ugonjwa huo. Ikikaa nusu haijali, na kwa kweli inapenda kukaa nusu kuliko kukaa imejaa. Unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya uwezo wake bila kuiua, inapokea chaji haraka, na upotevu wake ni mdogo. Uzito nao si wa kudharau unaposhusha mzigo kwenye boti: ya ampea-saa 100 huwa na kilo 10 hadi 13 hivi, mtoto wa shule anaibeba. Kaka, kama fedha ipo, nunua lithiamu na usigeuke nyuma.

Fundi wa Kasulu

Kijana wa Kibirizi amesema kweli na sina ubishi juu ya sifa hizo. Ninachomwomba mwenye duka asikikose ni kwamba lithiamu ingevumilia njaa bila kufa, lakini njaa ingebaki palepale. Ukiweka lithiamu chini ya paneli zako mbili na kuiacha friji ikinguruma, kila usiku bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri itakata umeme ili seli zisishuke kupita kiasi, na duka litakuwa giza mapema, kama sasa. Tofauti ni kwamba utakuwa gizani ukiwa na betri nzima.

Kwa kulinganisha tu: lithiamu ya fosfeti ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4, yenye volti 12.8 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,280, na unaweza kutumia 1,100 hivi bila wasiwasi. Betri moja ya risasi ya ampea-saa 200 hubeba 2,400, lakini ukitaka ikae miaka unatumia nusu, yaani 1,200. Kwa hiyo moja ya lithiamu ya 100 inashika nafasi ya moja ya risasi ya 200. Muuzaji anapokupa bei, linganisha hizo mbili, si ampea-saa zilizoandikwa kwenye boksi.

Na usije ukaunganisha lithiamu sambamba na betri zako za zamani kwa kuona huruma. Volti zake hazipandi wala kushuka kwa mwendo mmoja na za risasi, hivyo moja itakuwa inamchaji mwenzake daima.

Muuguzi Mstaafu, Sikonge

Mwangaluka wanangu. Mimi si fundi, lakini nimeitunza friji ya chanjo kwa miaka mingi katika zahanati isiyo na umeme, na suala la friji ya huyu mwanangu wa Kalya limenigusa. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 usiku na mchana, kwa hiyo betri zilipokufa hatukulala. Tulihangaika na vibebeo vya barafu hadi kituo cha jirani. Baadaye tuliletewa friji za aina nyingine ambazo hazina betri kabisa. Paneli inaunganishwa moja kwa moja na kompresa, jua likiwaka inagandisha maji yaliyomo kwenye kuta za friji, na usiku ile barafu ndiyo inayotunza ubaridi. Hata mawingu yakija siku mbili tatu, barafu inashikilia.

Mwanangu, soda si chanjo. Jaza maji kwenye chupa za plastiki bila kuzifikisha ukingoni, zigandishe mchana wakati jua ni kali, na saa kumi na mbili jioni ondoa friji kwenye umeme, usiifungue ovyo. Asubuhi soda zitakuwa bado za baridi. Ubaridi uuhifadhi kwenye barafu, ambayo haikugharimu chochote, badala ya kuuhifadhi kwenye betri ambayo imekugharimu fedha hizo zote.

Mrina Asali, Ipole

Naongeza jambo moja fupi kuhusu kununua. Nilinunua betri iliyoandikwa ampea-saa 200 kwa bei iliyonifurahisha, ikawa haimalizi saa nne na taa tatu. Nilipoiweka juu ya mizani tunayopimia asali ikasoma kilo 34. Betri halisi ya risasi ya ukubwa huo hupima kilo 55 hadi 65, kwa kuwa risasi ndiyo uwezo wenyewe na haina njia ya kuwa nyepesi. Tangu hapo siendi dukani bila kuomba mizani. Kwa lithiamu wanaoghushi huweka seli zilizokwisha kutumika mahali pengine, na hapo mizani haikusaidii sana. Bora muuzaji akubali kuipima kwa mzigo mbele yako.

Halafu huku kwetu Tabora kuanzia mwezi wa saba moshi wa miombo inayochomwa na vumbi hutanda kila siku. Nikipanda kufuta paneli kwa kitambaa chenye maji alfajiri, naona tofauti kwenye kontrola siku hiyohiyo.

Mwenye Duka, Kalya

Shikamoo mama wa Sikonge, na nawashukuru wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na namba.

Nimepima uzito kwenye mizani ya dagaa: kila betri ina kilo 58, kwa hiyo nadhani sikuuziwa boksi tupu. Nilizitenganisha na kuziacha usiku kucha. Asubuhi ya kwanza ilisoma volti 12.1 na ya pili volti 10.5. Kuhusu chaji, nilikaa nikitazama kontrola siku tatu mfululizo na haikuwahi kuvuka 13.1. Betri zilikuwa juu ya kabati, kama fundi alivyobashiri, na mkono wangu ulipogusa bati la juu saa nane mchana niliuondoa upesi.

Kisha niliiunganisha ile ya 12.1 peke yake, bila mzigo wowote, na kumwomba jirani anichajie simu za wateja. Siku ya kwanza na ya pili volti hazikusogea. Siku ya nne zilifika 14.4 saa tisa alasiri, na siku ya sita zilifika kabla ya saa sita. Nilipoipima kwa taa ya mbele ya gari, ya wati 55, iliwaka saa 17 kabla ya kushuka hadi 11.8. Ile nyingine inapanda haraka kwenye chaji, inapata joto upande mmoja, na ikiondolewa inarudi 10.5 ndani ya saa moja.

Fundi wa Kasulu

Vipimo hivi ni vya mtu makini, na vinajibu karibu kila kitu. Betri ya volti 12 ya risasi ina seli sita, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi. Inaposoma 10.5 bila kupanda, maana yake ni seli tano. Ya sita imekufa, na lile joto la upande mmoja linaonyesha ilipo. Hiyo haifufuki, na asije mtu akakuuzia dawa ya kumimina ndani yake. Baya zaidi ni kwamba, kwa kuwa zilikuwa sambamba, hii mbovu ndiyo iliyokuwa ikimnyonya mwenzake kila usiku na kuzuia volti zisipande mchana. Paneli zako zilikuwa zinamwaga maji kwenye mtungi uliotoboka.

Ile ya kwanza imebaki na uhai. Taa ya wati 55 huvuta ampea 4.6 hivi, kwa saa 17 ni ampea-saa 78, na ilikuwa bado haijaisha kabisa, kwa hiyo naikadiria kuwa imebaki na nusu ya uwezo wake wa kiwandani. Hiyo inatosha taa, televisheni na simu kwa msimu mmoja au miwili ukiitunza: iteremshe, iweke juu ya ubao mahali penye hewa, na usiishushe chini ya 12.2 ukiipima asubuhi kabla jua halijachomoza.

Kwa fedha uliyotaka kununulia betri ya tatu, nunua paneli mbili zaidi za wati 200. Utakuwa na wati 800, ambazo hata siku ya mawingu zitakupa wati-saa 1,680 hivi. Paneli nne zitatoa zaidi ya ampea 40, kwa hiyo kontrola yako ya ampea 30 haitazibeba zote. Nunua ya pili kama hiyo, kila moja ihudumie paneli mbili, na zote ziingie kwenye betri moja kila moja na fyuzi yake. Zielekeze kaskazini na uzipe mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua iteremshe vumbi. Taa zifunge kwenye volti 12 moja kwa moja, simu zichajiwe kwa vichaji vya volti 12 kama vya gari, nayo inveta iwashwe kwa ajili ya televisheni na friji tu. Friji ifanye kama alivyoelekeza mama yetu wa Sikonge. Kwa mpango huo matumizi yako yanashuka, na kwa mara ya kwanza utakuwa unaingiza zaidi ya unachotoa hata wakati wa mvua.

Hiyo nusu betri itakapochoka, ndipo ununue lithiamu ya kijana wa Kibirizi, kwa kuwa paneli za kuilisha zitakuwepo tayari. Siku hiyo hakikisha kontrola zinaweza kuwekwa volti 14.2 hadi 14.4 na kwamba ile chaji ya kusawazisha ya betri za risasi, yaani ya volti za juu inayolinganisha seli, imezimwa.

Mwenye Duka, Kalya

Nimeelewa, na nimefarijika kwamba sikununua ya tatu. Naomba kuuliza la mwisho: hii iliyokufa niifanyeje? Kuna kijana hapa anataka kuipasua achukue risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu.

Fundi wa Kasulu

Usimruhusu. Betri kavu nayo ina asidi ndani, na moshi wa risasi inayoyeyushwa jikoni ni sumu ambayo huwadhuru zaidi watoto wadogo. Ifunge vichwa kwa mpira ili isije ikagusana na chuma, isimamishe wima, na uirudishe Kigoma mjini kwa boti. Wanunuzi wa betri chakavu huzilipa kwa kilo, na kilo 58 si haba, zitakulipia nauli ya paneli.

Mwenye Duka, Kalya

Basi itapanda boti ya wiki ijayo. Nitarudi hapa mvua zikianza, nikiwa na volti za asubuhi za mwezi mzima.